Laptopu moja, miradi miwili: Usiache toleo jipya livunje kazi ya jana

Tuseme uko Rongo, kaunti ya Migori. Mwanzoni mwa 2021 ulimtengenezea mteja wako wa kwanza tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikulipa vizuri, na mpaka leo huwa anakuita kila anapotaka kitu kirekebishwe. Wiki hii umepata kazi nyingine Homa Bay mjini, mfumo wa kurekodi samaki wanaonunuliwa ufuoni. Kazi hiyo mpya inataka Node.js toleo la 22. Unalipakua, unaliweka kwenye laptopu, mambo yanakuwa sawa.

Jioni simu inalia. Ni yule mteja wa Rongo. "Kijana wangu, bei ya simiti imepanda. Nibadilishie kabla sijafungua duka kesho."

Hiyo ni kazi ya dakika tano tu. Unafungua mradi wa zamani, unaandika npm run build, na badala ya tovuti unapata hitilafu ndefu yenye maneno "digital envelope routines::unsupported". Na hujagusa hata mstari mmoja wa msimbo!

Laptopu yako haijarogwa. Mradi wa Rongo uliuandika kwa Node toleo la 14. Oktoba 2021 lilitoka toleo la 17 likiwa na OpenSSL 3, maktaba inayoshughulikia usimbaji fiche, ambayo inakataa baadhi ya mbinu zilizopitwa na wakati. Webpack 4, chombo kilichokuwa kikitumika katika miradi mingi wakati huo, kilitegemea mojawapo ya mbinu hizo. Ulipoweka toleo la 22, lile la 14 lilifutika, na mradi wa zamani ukabaki bila miguu.

Hapo wengi hufanya kosa la pili: wanaondoa toleo jipya na kurudisha la zamani. Kesho wanageuza tena. Bando linaisha, usiku unaisha, na kazi zote mbili zinachelewa.

Sasa mtazame mvuvi wa Mbita. Wavu wa omena una macho madogo mno, wa mbuta una macho makubwa. Hachomi mmoja ili anunue mwingine. Anaziweka zote, kisha anachukua ule unaofaa safari ya siku hiyo. Wewe pia unaweza kuweka matoleo kadhaa ya Node ndani ya laptopu moja bila kugombana.

Chombo cha kukusaidia kinaitwa nvm, na ni cha bure. Ukishakiweka, andika nvm install 14, kisha nvm install 22. Kila toleo linakaa kwenye folda yake. Ukitaka kufanya kazi ya Rongo, andika nvm use 14. Ukirudi kwa ya Homa Bay, nvm use 22. Thibitisha kwa node -v kabla ya kuanza. Unapakua kila toleo mara moja tu, tena ni makumi ya megabaiti, kwa hivyo hata bando dogo linatosha.

Kama unatumia Windows, tafuta nvm-windows. Majina yanafanana lakini hizi ni programu mbili tofauti. Kwenye Linux na Mac, nvm hubadilisha toleo katika dirisha lile la terminali unalotumia pekee. Nvm-windows hubadilisha kwa kompyuta nzima, kwa hivyo usiendeshe miradi yote miwili kwa wakati mmoja ukidhani kila mmoja una toleo lake.

Usitegemee kichwa chako kukumbuka. Ndani ya folda ya kila mradi weka faili iitwayo .nvmrc yenye namba ya toleo tu. Kwenye Linux na Mac, ukiingia humo na kuandika nvm use, nvm itaisoma yenyewe. Mwenzako akichukua kazi hiyo mwaka ujao, hatahitaji kukupigia simu saa sita usiku.

Tatizo hili halipo kwa Node pekee. Ukienda atachimenti katika hospitali za kaunti hizi mbili, huenda ukakutana na KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS. Kwa miaka mingi OpenMRS imetumia Java 8, iliyotoka 2014, ilhali darasani pengine umefunzwa Java mpya zaidi. SDKMAN itakuwekea zote mbili. Kwa Python, pyenv hushughulikia matoleo, na venv hutenganisha maktaba za kila mradi.

Lakini usijidanganye. Kuhifadhi toleo la zamani ni njia ya kupata muda. Node 14 iliacha kupokea marekebisho ya usalama Aprili 2023. Bei ya simiti unaweza kuibadilisha leo kwa toleo hilo, ila seva inayopokea malipo ya watu haifai kuendelea kulitumia. Mwambie mteja wako ukweli: "Mzee, tovuti inafanya kazi, lakini inahitaji kuhamishwa, na kazi hiyo ina gharama yake." Hiyo ni kazi halali ya kulipwa, na ni heri uiseme sasa kuliko siku tovuti itakapoingiliwa.

Kwa hivyo kabla ya kusasisha chochote wiki hii, fungua kila mradi ulio nao, andika node -v, na uweke namba hiyo kwenye .nvmrc. Itakuchukua dakika kumi. Mteja wa Rongo akipiga simu tena jioni, utabadilisha bei, utaituma, na utalala.