Je, Wajua? Taa imezimika, vali iko wazi

Boya la juu ya paa

Chungulia ndani ya tanki la maji la nyumbani. Utakuta boya la plastiki lililoshikwa na mkono mwembamba wa shaba. Maji yakipungua, boya linashuka na kufungua njia. Maji yakijaa, linapanda na kuifunga. Umeme hauhitajiki, wala mtu wa kukumbushwa. Kiwanda cha kusafishia mafuta, ukikivua nyaya na skrini zake, kinafanya jambo hilohilo mara mamia kadhaa: kuna kinachopima, kuna kinachoamua, na kuna vali inayotii. Ila kwenye boya vyote vitatu vimefungwa kwenye fimbo moja unayoiona kwa macho. Kiwandani vimetenganishwa, pengine kwa nusu kilomita ya waya, na karibu kila kisa cha kutisha kilichomo humu kimetokea katika nafasi hiyo katikati.

Je, wajua kwamba boya hilo lina umri wa zaidi ya miaka 2,200? Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Ktesibios, fundi wa Alexandria huko Misri, alilitumia kuhakikisha maji yanaingia kwa kasi ileile kwenye saa yake ya maji. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mjini Baghdad, ndugu watatu waitwao Banu Musa, yaani wana wa Musa, walieleza vifaa karibu mia moja katika kitabu cha mnamo mwaka 850. Humo mna vyombo vinavyomimina vyenyewe, chemchemi zinazobadili umbo la maji, taa zinazojiongezea mafuta, na vali zenye umbo la pia zinazofunguka na kujifunga bila mkono wa mtu. Kitabu kinaitwa *Kitab al-Hiyal*. Hiyal ni wingi wa hila, hila hiihii tunayomlaumia sungura kwenye ngano zetu. Kwa akina Banu Musa ilikuwa sifa ya mtambo.

Usiku wa moto

Mwaka 1880, katika mji wa Marshalltown, jimbo la Iowa nchini Marekani, William Fisher alitengeneza kifaa cha kuilinda presha ya pampu za maji isiyumbe. Inasimuliwa kwamba moto mkubwa ulizuka mjini, naye akakesha akizungusha kwa mkono vali ya mvuke uliokuwa ukiendesha pampu, akiongeza na kupunguza kila wazima moto walipofungua au kufunga mipira yao. Jina lake bado limo kwenye vibati vya vali viwandani hadi leo. Kila ninapolikuta namfikiria mtu huyo mwenye mikono iliyovimba, anayeomba apatikane wa kumpokea.

Sifuri isiyo sifuri

Vali ya kudhibiti si koki. Koki imefungwa au imefunguliwa, basi. Vali ya kudhibiti hushinda ikiwa imekaa asilimia 37, ikasogea 39, ikarudi 36. Juu yake mara nyingi kuna kichwa kipana mfano wa sahani mbili zilizofunikana. Ndani mna kiwambo cha mpira na springi nene. Upepo, kama mafundi wanavyoiita hewa ya kompresa, unasukuma kiwambo upande mmoja, springi inasukuma upande wa pili, na fimbo inasimama pale nguvu hizo zinapolingana.

Kwa miongo mingi amri yenyewe ilipelekwa kwa upepo wa pauni 3 hadi 15 kwa inchi ya mraba. Siku hizi ni umeme wa miliampea 4 hadi 20. Je, wajua kwa nini hesabu haianzi kwenye sifuri? Kwa sababu sifuri ingekuwa na maana mbili: "asilimia sifuri" na "waya umekatika". Ukianza na 4, ukimya unajulikana kuwa ni ukimya. Panya akitafuna waya usiku, mtambo hauwezi kumsikia panya ukadhani ni bosi.

Swali la pili halina budi kuulizwa kabla vali haijatoka kwenye sanduku: upepo ukikatika, springi itaipeleka wapi? Vali ya mafuta ya tanuru inatakiwa ijifunge. Vali ya maji ya kupoza mara nyingi inatakiwa ifunguke. Vichwa vya aina zote mbili vinaweza kufanana kwa sura na kwa rangi. Fundi anayebadilisha kichwa kibovu kwa kingine bila kusoma kibati anaweza kuigeuza tabia ya vali na kazi ikaendelea vizuri kabisa, mwezi baada ya mwezi, mpaka siku kompresa itakapozima.

Kuumia kabla ya kazi

Vali mpya huumia mara nyingi siku zile za kwanza, na mkosaji ni bomba. Bomba jipya lina mchanga, kutu na matone ya chuma yaliyoanguka wakati wa kuchomelea, na mara nyingine tambara alilosahau mtu. Maji ya kwanza yakipita, takataka zote hizo hukimbilia penye njia nyembamba kuliko zote, napo ni kati ya kizibo na kikalio chake. Kwa hiyo mafundi makini huweka kipande cha bomba tupu mahali pa vali, wakaosha mfumo mzima, ndipo wakafunga vali yenyewe. Kuna wanaoona huko ni kufanya kazi mara mbili. Wamuulize aliyewahi kulipia kikalio kipya.

Kwenye mwili wa vali kuna mshale. Unaonyesha maji au gesi ipite wapi, na kuufunga kinyume si kosa la urembo: vali inaweza kutetemeka au kushindwa kujifunga dhidi ya presha. Kuinua nako kuna adabu yake. Mkanda wa winchi hupitishwa kwenye mwili mzito, si kwenye gurudumu la mkono wala kwenye vibomba vidogo vya upepo, hata kama vinashikika kirahisi. Bolti hukazwa kwa kukatiza, moja huku na inayofuata ng'ambo yake, kama fundi wa gari anavyokaza tairi. Na mabomba mawili yasiyotazamana sawasawa hayavutwi kwa nguvu ya bolti, kwani mvuto huo hubaki ndani ya vali na kuikunja pole pole.

Nati za pakingi, ile inayozuia uvujaji pembeni mwa fimbo, zina mtego wake. Ikivuja kidogo, mtu hukaza. Ikivuja tena, hukaza tena. Mwishowe haivuji, na fimbo nayo haisogei vizuri: inagoma, halafu inaruka, halafu inagoma.

Je, wajua kwamba kuna vali ambayo tone la mafuta linaweza kuilipua? Ni ya oksijeni. Kwenye oksijeni yenye presha kubwa, mafuta ya kawaida au grisi huweza kushika moto bila kiberiti. Spana iliyotoka gereji haigusi mtungi wa oksijeni wa hospitali mpaka isafishwe, na fundi mwenye mikono ya grisi hana tofauti na spana hiyo.

Kelele za kokoto, barafu ya Dar es Salaam

Maji yakipenya mahali pembamba, kasi hupanda na presha hushuka. Ikishuka vya kutosha, maji huchemka yakiwa baridi. Viputo vya mvuke huzaliwa, na presha inaporudi mbele kidogo hupasuka kwa kuingia ndani. Mwanasayansi Lord Rayleigh alipiga hesabu za mpasuko huo mwaka 1917. Kwa sikio ni kama kokoto zinapita ndani ya bomba. Kwa chuma ni mashimo madogo madogo, mpaka kizibo kinafanana na sifongo.

Kelele nyingine ni kishindo kimoja: dang! Ni maji yaliyokuwa mbioni yakasimamishwa ghafla. Mrusi Nikolai Zhukovsky aliyachunguza hayo kwenye mabomba ya maji ya Moscow, akachapisha matokeo mwaka 1898. Ukikata ghafla maji yanayokwenda mita 1 tu kwa sekunde ndani ya bomba refu la chuma, presha inaweza kuruka kwa zaidi ya bar 10. Kwa sababu hiyo vali kubwa ya maji hufungwa bila haraka, hata msimamizi akipiga kelele.

Gesi nayo ina kituko chake. Gesi asilia inapopita kwenye vali ya kushushia presha, hupoa takribani nusu nyuzijoto kwa kila bar 1 inayopungua. Ishushe bar 40 na baridi imeongezeka kwa nyuzi 20. Gesi ya Songo Songo ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, katika mji ambao unyevu wa hewa haujawahi kuwa haba. Penye gesi ya presha kubwa, vali inaweza kuvaa barafu huku aliyesimama kando yake akitokwa na jasho. Ndiyo sababu vituo vingi duniani hupasha gesi moto kabla ya kuishusha presha.

Pennsylvania, saa 10 alfajiri

Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island nchini Marekani, pampu za maji zilizima, presha ya kinu ikapanda, na vali ya kupunguza presha ikafunguka yenyewe kama ilivyotakiwa. Baada ya sekunde chache iliamriwa ijifunge. Kwenye meza ya kuongozea mtambo taa yake ikazimika. Haikujifunga.

Taa hiyo haikuunganishwa na vali. Ilionyesha tu kama umeme wa kuifungulia vali unakwenda au haupo. Umeme ulikuwa umekatwa, kwa hiyo taa ilisema kweli kuhusu umeme, na wahudumu wakaielewa kuwa inasema kuhusu vali. Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupoza kinu yalitoka kupitia mlango ambao kila mtu aliamini umefungwa. Hatimaye vali nyingine, kwenye bomba hilohilo, ilifungwa, lakini karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Kuna jambo dogo la asubuhi hiyo ambalo halinitoki akilini. Vali mbili za maji ya dharura zilikuwa zimeachwa zimefungwa baada ya majaribio ya matengenezo siku mbili kabla. Ziligunduliwa baada ya dakika 8. Moja ya taa ambazo zingewaonya ilikuwa imefunikwa na lebo ya matengenezo.

Vali ambayo haikuwepo

Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland, mafundi wa zamu ya mchana waliiondoa vali ya usalama ya pampu moja ili ipimwe upya. Haikuwahi kurudishwa jioni ile. Mahali pake waliweka sahani ya chuma ya kuzibia, isiyokazwa vya kutosha kuzuia gesi. Pampu hiyo ilikuwa na vibali viwili vya kazi: kimoja cha pampu yenyewe, ambayo matengenezo yake hayakuwa yameanza, na kingine cha vali. Usiku pampu ya pili ikazima na kugoma kuwaka. Zamu ya usiku ikatafuta karatasi, ikapata kile kibali cha kwanza, ikaona hakuna kilichofunguliwa. Cha vali hakikuwafikia. Vali yenyewe ilikuwa juu, mbali na pampu, haionekani ukisimama penye swichi.

Wakawasha. Watu 167 walikufa, 61 wakaokoka. Uchunguzi wa ajali hiyo, ulioongozwa na Lord Cullen, ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990.

Kufuli la kila mmoja

Marekani ilitoa mwaka 1989 kanuni ya kufunga mitambo kwa kufuli kabla ya matengenezo, na utaratibu huo sasa umeenea viwandani. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya 2007. Katika utaratibu wa kufuli kinachonivutia ni hesabu yake: mafundi watano wakiingia kazini, makufuli ni matano kwenye kishikizo kimoja, na kila mmoja ana ufunguo wake mfukoni. Aliyekwenda kula na kufuli lake limezuia kiwanda kizima, na ndivyo inavyotakiwa.

Kufuli lina mipaka. Haliifungi springi iliyobanwa ndani ya kichwa cha vali: ukifungua bolti zote za kifuniko bila kuilegeza kwanza, inaruka. Wala haliondoi kimiminika kilichonaswa ndani ya vali ya tufe. Vali hiyo ikifungwa inaweza kubaki na kikombe kizima cha kemikali tumboni, hata bomba la pande zote mbili likiwa kavu.

Skrini inayokumbuka jana

Mwaka 2013 kampuni ya Symantec ilieleza toleo la awali la Stuxnet, programu haribifu iliyolenga mitambo ya urani ya Natanz nchini Iran. Ilikuwa ikifunga vali ili presha ya gesi ipande, na wakati huohuo ikiwaonyesha wahudumu vipimo vya kawaida ilivyokuwa imevirekodi kabla. Three Mile Island ilidanganywa na taa kwa bahati mbaya. Hapa mtu aliketi akaandika uongo huo.

Redio mbili

Jaribio la mwisho kabla ya kukabidhi vali halina mashine ya ajabu. Mmoja anakaa kwenye skrini, mwingine anasimama mbele ya vali, akikazia macho kijisahani kilichochorwa namba kando ya fimbo. Amri inapelekwa robo kwa robo.

"Naipa ishirini na tano."

"Ishirini na tano, nimeiona."

"Hamsini sasa. Huku inasoma hamsini."

"Ngoja, kaka. Huku bado imekaa thelathini."