Kalsiamu, Mlinzi wa Milango ya Seli

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa goita huweza, siku moja au mbili baadaye, kuhisi ganzi midomoni na vidole vikikakamaa. Asidhani ni uchovu tu; huenda kalsiamu imepungua katika damu yake.

Utando wa seli za neva na misuli una milango midogo ipitishayo ioni za sodiamu. Kalsiamu iliyo nje ya seli huizuia milango hiyo isifunguke ovyo. Ikipungua, milango hufunguka kwa kichocheo kidogo, neva husisimka zenyewe, na misuli hukaza. Misuli ya koo ikikaza, pumzi huzibwa.

Nyuma ya tezi ya thairoidi kuna tezi ndogo, kwa kawaida nne, zinazodhibiti kalsiamu. Wakati wa upasuaji huweza kujeruhiwa au kukosa damu.

Kwa hiyo mhudumu wa afya amwulize mgonjwa kuhusu ganzi na kupima kalsiamu. Dalili zikiwa kali, kalsiamu hutolewa polepole kupitia mshipa huku moyo ukifuatiliwa, kwani ikiingia kwa kasi huvuruga mapigo. Na aliyekwisha ruhusiwa, akihisi ganzi nyumbani, arejee hospitali bila kusubiri kupambazuke.