Mr. Bean Hubamba Akinyamaza

Wasee, ile muvi ya Mr. Bean ya 1997, ile inaitwa tu Bean, iko sawa. Haijaharibika, lakini moto haina. Na Rowan Atkinson, mwenye hucheza Bean, namkubali kinoma, ndio maana inaniuma.

Huku boda ya Kenya na Uganda muvi huja na mtu wa kuitafsiri. Kenya ni DJ Afro na maneno ya mtaa. Ukivuka, kwa vibanda vya video kuanzia Busia hadi Tororo, ni ma-VJ kama VJ Jingo wakimwaga Luganda. Sasa kwa benchi moja utapata Msamia, Mteso na jamaa wa Jopadhola, na Luganda wengine wanainasa nusu nusu. Vile vipindi vya Bean vya TV, vya 1990 hadi 1995, havikuhitaji VJ. Msee anainua nyusi, mbogi nzima inaanguka.

Muvi nayo inamtoa National Gallery, London, kwenye hulinda michoro, inamtupa Los Angeles eti ni mtaalamu wa sanaa. Sini ya ule mchoro wa 1871 wenye mchoraji Whistler alimchora mamake, hapo ameua kabisa. Anaupigia chafya, anaupangusa na hanki yenye wino, wino unasambaa. Anatafuta dawa ya kuusafisha, dawa inakula uso wote. Kisha, maze, anachukua peni anachora uso wa katuni! Mtoi wa nasari anaelewa, shosho anaelewa.

Shida ni hapo katikati. Stori inamwacha Bean inafuata David, Mmarekani aliyemkaribisha kwake, na vile bibi ya David amechoka na mgeni akachukua watoi akatoka. Ni mdomo mwanzo mwisho. Kibanda kinapoa, wasee wanaanza kuuliza mechi ni saa ngapi. Halafu Bean mwenyewe anapewa hotuba ndefu. Mel Smith, direkta, alikuwa na msee anayeongea na uso, na bado akamjaza maneno. Hapo alipotea.

Kwa hivyo kama uko Busia ama Tororo na unataka kucheka na mathe na watoi, anza na vile vipindi vifupi. Kisha cheki Mr. Bean's Holiday ya 2007: yuko Ufaransa, haongei karibu chochote, na imeweza kushinda hii. Hii ya 1997 icheki juu ya ule mchoro tu.