Kabla Kengele Haijalia: Kweli na Uongo wa Mashindano ya Kuchora Papo kwa Papo

Kila mwanafunzi wa sanaa aliyewahi kupanga foleni nje ya ukumbi, stendi begani na ndoo ya brashi mkononi, amewahi kupewa ushauri wa bure. Mmoja atakwambia usiguse penseli kwa siku tatu ili mkono upate hamu. Mwingine ataapa kwamba majaji wanapenda nyekundu. Wa tatu, ambaye mwaka jana hata raundi ya kwanza hakuvuka, atakuvuta kando akunong'oneze siri ya ushindi. Umeyasikia haya, usikatae. Huenda hata umemrithisha mdogo wako wa kidato cha pili.

Mashindano yenyewe unayajua: mnaingia, mnapewa mada na muda, kengele inalia, na watu wanawazunguka kama wanavyomzunguka fundi baiskeli chini ya mwembe. Kule Toronto, Kanada, yalianza mwaka 2009 mashindano yanayoitwa Art Battle, ambako raundi moja ni dakika 20 tu na watazamaji ndio wapiga kura. Mengine hutoa saa mbili au tatu, na kura ni ya majaji wenye karatasi na kalamu. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, kama mwalimu na kama jaji, na nimechoka kuona vijana wenye mikono mizuri wakiangushwa na hadithi. Basi tuzipime.

"Picha nzuri huja yenyewe. Ukiipanga, unaiua."

Si kweli. Mfano mkubwa ni Guernica ya Picasso, picha ambayo mtu akiitazama huona hasira tupu iliyomwagwa ukutani. Mji wa Guernica ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937. Picasso alianza michoro ya awali tarehe 1 Mei, na mapema Juni turubai lenye upana wa karibu mita 8 lilikuwa limekwisha. Kasi ya ajabu, kweli. Lakini michoro ya maandalizi iliyobaki inapita 40: farasi peke yake, mama na mtoto peke yao, kichwa kinacholia kimerudiwa na kurudiwa. Huyo ndiye mtu tunayemtolea mfano tunapotaka kusema fulani "alipatwa na picha".

Utaniuliza: nitajiandaaje na mada nisiyoijua? Mada huijui, ila njia ya kuitafuta unaweza kuizoea. Chukua kichwa cha habari chochote gazetini, weka saa ya simu dakika 10, chora vijipicha vinne vya ukubwa wa kibiriti, kisha chagua kimoja. Fanya hivyo kila jioni kwa wiki mbili. Utagundua jambo la kuudhi: kijipicha cha kwanza karibu kila mara ndicho ambacho ukumbi mzima umekifikiria. Mada ikiwa "Mazingira", sisi mezani tunajua kinachokuja, dunia ya bluu iliyobebwa na viganja viwili. Ikiwa "Amani", njiwa. Siku moja nilihesabu njiwa saba kabla ya chai. Picha yako mara nyingi imejificha kwenye kijipicha cha tatu au cha nne, na huwezi kukifikia kama hukuzoea kuvipita viwili vya mwanzo haraka.

"Wazo lako usimwonyeshe mtu, utaibiwa."

Si kweli, na ushahidi wake una umri wa zaidi ya miaka 600. Mwaka 1401 chama cha wafanyabiashara wa nguo mjini Florence, Italia, kilitangaza shindano la milango ya shaba ya nyumba ya ubatizo. Wasanii saba walifika hatua ya mwisho. Mada ilikuwa moja kwa wote, kafara ya Isaka. Kiasi cha shaba kilikuwa kimoja, na muda ulikuwa mwaka mmoja. Ukiondoa huo mwaka, ni mashindano yetu haya haya.

Wawili walibaki midomoni mwa watu: Filippo Brunelleschi na Lorenzo Ghiberti, vijana wa miaka ishirini na kitu. Mwandishi Giorgio Vasari, aliyesimulia habari hizo karne iliyofuata, anasema wenzake Ghiberti walifanya kazi kwa siri, lakini yeye aliwaita wenyeji na wageni waje kuona na kusema wanachofikiri. Pia baba yake wa kambo, sonara mzoefu, alikuwa naye bega kwa bega. Ghiberti akashinda. Vibao vyote viwili vipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Bargello, Florence, na tofauti haiko kwenye uzuri tu. Cha Ghiberti kimesubiwa karibu chote kwa mmiminiko mmoja, na ni chepesi kuliko cha mwenzake kwa takriban kilo 7. Waliokuwa wanalipia shaba waliliona hilo.

Vasari alipenda kukoleza chumvi, nakubali. Hata hivyo fikiria mwenyewe: wazo la kijipicha haliibiki kwa urahisi, kwa sababu mwizi hana mkono wako. Kosa la mkono uliochorwa na vidole sita, ambalo jirani angeliona kwa sekunde mbili, litabaki hapo mpaka jaji aje kulihesabu.

"Haraka haraka haina baraka."

Kweli, ila wengi wanaisoma vibaya. Wahenga hawakusema pole pole ina baraka kila mahali. Leonardo da Vinci alikuwa mtu wa pole pole. Kuchora kwenye lipu mbichi, kama walivyofanya mafundi wenzake, kulimlazimu mtu apake lipu ya kutosha kazi ya siku moja na kuimaliza kabla haijakauka. Leonardo hakupenda kukimbizwa. Akachora Karamu ya Mwisho juu ya ukuta mkavu, apate kurudi na kurekebisha atakavyo. Ilikamilika mwaka 1498 hivi, na kabla hajafa mwaka 1519 ilikuwa imeanza kuharibika.

Upande wa pili yuko James Whistler, mchoraji aliyekwenda mahakamani London mwaka 1878 kumshtaki mkosoaji aliyemdharau. Wakili alitaka kujua inakuwaje kazi ya siku mbili tu iuzwe ginea 200. Whistler akajibu kwamba bei ile ni ya maarifa aliyoyakusanya maisha yake yote. Alishinda kesi, akapewa fidia ya senti isiyonunua hata kiberiti, na mwaka uliofuata akafilisika. Jibu lake bado ni sahihi.

Kwa hiyo pale ukumbini methali ina kazi dakika za mwanzo. Kwenye saa mbili, tumia robo saa bila kugusa karatasi kubwa. Jirani yako atakuwa ameshapaka anga zima. Mwache na anga lake.

"Rangi unayoiona kwenye paleti ndiyo utakayoipata."

Si kweli, na uongo huu umeharibu nyuso nyingi. Akriliki ikiwa mbichi ina gundi nyeupe kama maziwa ndani yake. Maji yakiondoka, gundi hiyo inakuwa angavu kama kioo na rangi inaonekana nzito, yenye giza zaidi. Rangi ya maji ni kinyume, hiyo hupauka ikikauka.

Niliwahi kumwangalia binti mmoja akimchora bibi yake kwa akriliki. Kufikia dakika ya arobaini alikuwa ameupata uso hasa, ile kahawia yenye joto, na kivuli cha mtandio kikiushukia shavuni. Feni ya dari ikafanya kazi yake. Majaji walipofika, shavu na kivuli vilikuwa kitu kimoja. Akabaki anawaeleza kwa vidole mahali ambapo shavu lilikuwa.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Kata ukanda wa karatasi ile ile utakayotumia, pakaza michanganyiko yako nyumbani, acha ikauke usiku kucha, andika pembeni umechanganya nini na nini. Kama kanuni zinaruhusu, ingia nao.

Na rangi za mafuta? Zenyewe hazikauki kwa kupoteza maji, bali kwa kuungana na oksijeni ya hewani, na hilo huchukua siku, pengine wiki. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kung'aa za baiskeli juu ya mbao za hadibodi, na waliomfuata wanajua kwamba usuli unaachwa ukauke kwanza ndipo chui akae juu yake. Ukiwa na mbao kumi kibandani, hiyo si shida, unashika nyingine. Ndani ya saa mbili una ubao mmoja. Kama rangi hizo ndizo mkono wako, panga maumbo yakae ubavu kwa ubavu bila kupandana, au muulize mwandaaji mapema kama unaruhusiwa kuja na usuli mkavu.

"Ukubwa wa kukesha ndio ukubwa wa ushindi."

Uongo. Mwaka 1988 mtafiti wa usingizi James Horne aliwakesha watu usiku mmoja tu, kisha akawapa majaribio ya kufikiri kwa njia nyingi tofauti. Walishuka waziwazi, na walizidi kung'ang'ania njia ileile hata ilipokuwa haifai. Ndiye njiwa wa nane huyo.

"Rudi nyuma, kunja macho."

Kweli kabisa, na anayewacheka wazee kwa hili anajicheka. Ukifumba macho nusu, vitu vidogo vinapotea na unabaki na mwanga na giza, yaani mifupa ya picha. Leonardo aliwashauri wachoraji wawe na kioo, waitazame kazi yao imegeuzwa, maana makosa yanaonekana kama ya mtu mwingine. Mkiruhusiwa simu, ipige picha kazi yako bila rangi. Pua iliyopinda itajitangaza yenyewe.

"Anayetumia ubongo wa kulia ndiye msanii."

Si kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Hawakupata watu wa kulia wala wa kushoto. Tuendelee.

"Majaji ni bahati nasibu."

Kwa sehemu kubwa si kweli. Mwanasaikolojia wa Marekani Teresa Amabile amejenga utafiti wake juu ya jambo hili: wape wasanii kazi zilezile wazipe alama, kila mmoja peke yake, na kwa kawaida alama zao zitakaribiana. Pambano la wa kwanza na wa pili huwa na ubishi, hilo nakubali, nimeshiriki ugomvi wake. Lakini kazi dhaifu mezani haiwi nzuri kwa sababu jaji kaamka vizuri.

Utafiti wake wa mwaka 1979 una kitu cha kukufaa zaidi. Wanafunzi walioambiwa kwamba kazi zao za kubandika karatasi zitapimwa na wasanii walitoa kazi zenye ubunifu mdogo kuliko wasioambiwa. Kundi moja likaponyoka: lile lililoelezwa waziwazi ni vitu gani hasa vinahesabiwa kuwa ubunifu. Kwa hiyo usione haya kumuuliza mwandaaji vigezo vya alama, na umuulize mapema.

"Mkono ukitetemeka, hujajiandaa."

Si kweli. Mwili hautofautishi sana woga na shauku, moyo unakimbia kwa vyote viwili. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu waliojiambia kwa sauti kwamba wana shauku waliimba, walihutubia na walifanya hesabu vizuri kuliko waliojiambia watulie. Hakujaribu wachoraji, lakini kujaribu hakugharimu kitu: useme hivyo ukiwa bado kwenye foleni. Kisha kengele ikilia, acha brashi nyembamba kwenye ndoo. Anza na ile pana kabisa uliyo nayo, kwa sababu mtetemo wa mkono hauonekani kwenye brashi ya vidole vitatu, na kufikia wakati wa kuchora kope, mkono utakuwa umeshatulia.