Kabla ya kulipia kifurushi, angalia korongo lako

Mitambo ya analojia ilipozimwa Moshi mwaka 2013, antena nyingi zilishushwa kutoka juu ya mapaa, na watu wakaamini kuwa bila dishi na malipo ya kila mwezi hakuna televisheni. Si kweli. Matangazo ya dijitali ya ardhini bado yananaswa na antena ileile ya UHF iliyotupwa stoo. Runinga yako ikiwa na alama ya DVB-T2, huenda hata king'amuzi usikihitaji kwa chaneli zisizofungwa.

Kwa wakazi wa Pasua au Majengo kazi ni ndogo. Shida inaanza ukipanda Kibosho, Old Moshi au Marangu. Mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mlima wetu umechanwachanwa na makorongo. Aliye mgongoni mwa kilima anapata picha safi. Jirani yake wa bondeni hapati kitu. Tena dijitali haina chenga za zamani: picha hukatika vipandevipande, kisha inapotea kabisa. Kwa hiyo ongeza urefu wa nguzo, sogeza antena hatua chache, badilisha waya uliochoka. Usikimbilie kununua busta, maana hukuza na kelele pamoja na mawimbi.

Bondeni, dishi ndilo jibu. DStv hurusha kutoka nyuzi 36 mashariki, na Moshi ipo kwenye nyuzi 37, hivyo setilaiti hiyo iko karibu utosini. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, hivyo kwetu huonekana upande wa magharibi, ambako mgrivelea mmoja tu uliokua unatosha kukuharibia jioni. Dishi la zamani halina mwenyewe: fundi anaweza kuligeuzia setilaiti yenye chaneli za bure, ukafunga king'amuzi kisichotaka kadi. Utapata habari na mahubiri kwa wingi.

Mpira ndio hauna njia ya mkato. Azam Media ilinunua haki za Ligi Kuu mwaka 2021 kwa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Na kutazama kwa bando si nafuu: saa moja ya video ya ubora wa kawaida inaweza kula hadi GB 1. Mwenye Simba au Yanga yake alipie miezi ya mechi kubwa tu, nyingine aende kibanda umiza au awashe redio. Asiyefuata mpira, kifurushi cha mwaka mzima ni hasara.