Mashine inachora vizuri, lakini haimjui mama wa Kariakoo

GUANGZHOU, China – Katika mtaa wa Xiaobei, ambako wafanyabiashara wengi wa Kiafrika hufikia wanapokuja kununua bidhaa, tulimkuta kijana wa Kitanzania anayesomea kompyuta hapa. Jioni hujifundisha kubuni sura ya programu za simu: vitufe, rangi, maandishi na mpangilio wake. Mwalimu wake ni akili mnemba.

Huchora ukurasa mwenyewe, huandika daftarini kasoro anazoziona, ndipo huipa mashine picha ya ukurasa huo na kuitaka itaje kasoro zake. Zile ilizoziona mashine na yeye zikampita, hizo ndizo somo la siku. Hivyo ndivyo alivyogundua kwamba maandishi yake ya kijivu yalikuwa hafifu mno. Kipimo kinachotumika kimataifa ni tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Sisi wenye macho ya miaka arobaini na ushei tulilifurahia somo hilo.

Siku moja, kwa uvivu (neno ni lake), aliiachia mashine ichore kila kitu, akiielekeza kwa Kichina. Ilikuwa programu ya kuweka hesabu za mizigo. Akamwonyesha mama mmoja wa Kariakoo aliyekuja kununua mapazia. Mama kuona faida imeandikwa kwa rangi nyekundu, akashtuka:

"Mwanangu, mbona nadaiwa?"

Katika soko la hisa la China, nyekundu ni kupanda na kijani ni kushuka. Chini kulikuwa na kitufe cha "Ghairi". Mama akauliza tena, "Nighairi nini, safari?"

Kijana alipoirudia mashine, iliomba radhi na kubadili rangi papo hapo. Lakini haikuwa imeuliza mama anafanyaje kazi. Aliyeuliza ni kijana, akajibiwa kwamba mama haandiki ujumbe kabisa: hubonyeza WeChat na kusema. Programu hiyo nayo ilibuniwa hapa hapa Guangzhou na timu ya Zhang Xiaolong. Ilitoka Januari 2011, na ujumbe wa sauti ukaongezwa mwaka huo huo.

Sasa kijana anachora upya. Kitufe cha kipaza sauti kimekuwa kikubwa kuliko vyote, na "Ghairi" imekuwa "Acha". Mama anaondoka Alhamisi na marobota yake, naye kijana anataka aijaribu kabla hajapanda ndege.