Kubadili Beringi za Magurudumu Nyumbani

Beringi ya gurudumu ni pete mbili za chuma kigumu zenye gololi au rola katikati yake. Kwa magari mengi, pete ya nje hukaa imebana ndani ya nako, kile chuma kizito kinachobeba gurudumu. Pete ya ndani huzunguka pamoja na habu, ambako rimu hufungwa. Uzito wa gari hupita mahali padogo mno ambapo gololi hugusa pete, ndiyo maana kovu lisiloonekana kwa macho hutosha kuianzishia beringi kifo chake.

Dalili ya kwanza ni mvumo unaopanda na mwendo, ambao wengi hudhani ni wa tairi. Kona huutambulisha. Gari likikata kushoto, uzito huegemea kulia. Mvumo ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kisha gurudumu linyanyuliwe kwa jeki, likamatwe juu na chini, livutwe na kusukumwa. Likicheza, mtu wa pili akanyage breki: mchezo ukitoweka, kasoro ni ya beringi, ukibaki, iangaliwe boljointi. Kipimo kizuri kuliko vyote ni kushika springi ya shokapu kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha gurudumu. Beringi iliyokwisha hutuma mtetemo mkavu vidoleni hata kabla gurudumu halijaanza kucheza.

Ugumu wa kazi hutegemea aina ya beringi. Land Cruiser za zamani na pikapu nyingi hutumia rola za mshazari, mbili kwa kila habu, muundo ambao Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko Marekani, aliupatia hataza mwaka 1898. Hizi ndizo rafiki wa fundi wa nyumbani: huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, kisha hushindiliwa grisi kiganjani mpaka itokeze upande wa pili. Nati hukazwa huku habu ikizungushwa, hulegezwa, halafu hukazwa tena kidogo tu kwa kipimo cha kitabu cha gari. Anayeiacha na ule mkazo wa kwanza huiunguza beringi barabarani.

Nyepesi kuliko zote ni habu kamili yenye beringi ndani yake, kama ya nyuma kwenye Corolla nyingi za miaka ya 2000: bolti nne zikitoka, habu nzima hubadilishwa. Kazi ngumu iko mbele ya gari hilohilo, ambako beringi imeshindiliwa ndani ya nako kwa presi.

Kabla ya kufungua chochote, beringi mpya iwe mkononi. Namba iliyochorwa kwenye pete husaidia kuihakiki: kwa zile zinazoanza na DAC, 4074 humaanisha kipenyo cha ndani cha milimita 40 na cha nje 74. Namba pekee haithibitishi kwamba bidhaa ni halisi, kwa hiyo duka linaloaminika lina thamani kuliko punguzo la bei.

Nati ya ekseli hulegezwa gurudumu likiwa bado chini na breki imekanyagwa, baada ya kuinua kwa tindo ile sehemu ya nati iliyokunjwa kuizuia isifunguke. Gari likinyanyuliwa, liwekwe juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Kalipa hutolewa na kufungwa kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa breki. Sensa ya ABS hutolewa mapema, taratibu, kwani kutu huigandisha. Bolti za shokapu ziwekewe alama kabla ya kufunguliwa ili mwinamo wa gurudumu usipotee. Tairodi na boljointi zikiachia, nako hutoka mzima.

Hapa ndipo fundi wa nyumbani mwenye busara huubeba nako huo hadi gereji yenye presi. Nyundo haifai, na sababu yake ndiyo kiini cha kazi yote: nguvu ya kushindilia isipite kamwe kwenye gololi. Beringi inapoingizwa ndani ya nako, presi isukume pete ya nje. Habu inapoingizwa ndani ya beringi, pete ya ndani iegemezwe kwa nyuma. Ukikosewa mmojawapo wa mipango hiyo, gololi huchimba vishimo kwenye njia yake na beringi mpya huharibika kabla ya kutembea kilomita moja. Beringi nyingi zinazosemwa kuwa mbovu tangu dukani ziliuawa mezani pa presi, kwa hiyo mwenye gari asimame hapo na kuangalia.

Habu ya zamani kwa kawaida hutoka na nusu ya pete ya ndani ikiwa imeng'ang'ania. Pete hiyo hukatwa kwa grenda bila kufika mwisho, kisha hupasuliwa kwa tindo. Jiwe la grenda lisiguse habu. Kwenye magari ambayo sensa ya ABS husoma sumaku iliyo kwenye sili ya beringi, klipu ya karatasi huonyesha upande wake: ile sili inayoivuta itazame sensa. Ikigeuzwa, taa ya ABS itawaka na kazi yote irudiwe.

Kufunga ni kurudi nyuma kwa mpangilio uleule, kwa nati mpya ya ekseli. Kwa Corolla hizo hukazwa hadi 216 Nm, sawa na kilo 22 zikining'inia mwisho wa bomba la mita 1. Nati za gurudumu hutosheka na 103 Nm. Ekseli ikazwe kikamilifu huku breki imekanyagwa, kabla gari halijashushwa, kwa sababu mkazo huo ndio unaozishika pamoja pande mbili za pete ya ndani. Gari lisisukumwe hata hatua chache nati ikiwa legevu.

Baada ya safari fupi ya majaribio, habu za pande zote mbili ziguswe kwa tahadhari. Breki nazo hutoa joto, hivyo kinachotafutwa ni tofauti: upande uliotengenezwa ukiwa moto zaidi, ufunguliwe na kukaguliwa upya. Alama za shokapu zikikosa kulingana, gari lipelekwe kupimwa mwelekeo wa magurudumu.